Leo Analala Wapi?

Kesi ya mke kupigwa inapofika kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa wazee wa ukoo au kwa Baba Paroko, swali la kwanza huwa lile lile: "Nani ameanza?" Mke anaulizwa alijibu nini. Mume anaulizwa alikasirishwa na nini. Maneno ya kila upande yanapimwa kama maharage kwenye debe, faini inatajwa, watu wanashikana mikono, kikao kinafungwa kwa sala. Giza likiingia, wawili hao wanarudi kwenye nyumba moja na mlango unafungwa kwa ndani.

Swali ambalo halikuulizwa ni fupi zaidi: huyu mama leo analala wapi, na kuna hakika gani kwamba kesho ataamka?

Wanaofanya kazi na watu waliopigwa na wenzi wao hulianza shauri kwa swali hilo. Wanauliza hatari ni kubwa kiasi gani, kisha wanakaa na mhusika mwenyewe kupanga namna ya kubaki salama. Kazi hiyo wanaiita tathmini ya hatari na mpango wa usalama. Ukilileta jambo hili kijijini, iwe Litumbandyosi au Litembo huku Mbinga, au kule chini Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utakutana na hoja za kulipinga. Baadhi zina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimeishi muda mrefu. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulihoji wanawake wa Dar es Salaam na wa Mbeya, mkoa wa nyanda za juu kama hizi zetu. Kati ya waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao. Kwa hiyo hatuzungumzii nyumba moja yenye mkosi mwisho wa kijiji.

Hoja ya kwanza: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime"

Methali haina kosa. Kosa ni kuipeleka kusikohusika. Inazungumzia ndugu: watu wa tumbo moja, wenye urithi mmoja, kila mmoja akiwa na jembe lake na watu wa kumsemea. Mke aliyeolewa kwa Wamatengo wa milimani hayuko hivyo. Amehamia kwenye ntambo ya ukoo wa mume, kipande cha mlima ambacho mashamba yake ya ngolo (yale ya mashimo mlimani), kahawa yake na nyumba zake ni vya ukoo huo. Jirani wa kulia ni shemeji. Jirani wa kushoto ni baba mkwe mdogo. Kelele zikipigwa usiku, masikio yote yaliyo karibu ni ya upande mmoja. Ukichukua jembe ukaenda kulima, umemwachia uwanja mwenye nguvu.

Sheria nayo ilishalisema hili zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Wanaume wengi wanaodai haki hiyo leo wamezaliwa baada ya sheria hiyo kutungwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inaweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa shambulio la kudhuru mwili, na hakuna mahali iliposema "isipokuwa aliyepigwa ni mke".

Na tusiwabebeshe wanaume peke yao. Katika utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya walizotajiwa: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowajali watoto, kukataa tendo la ndoa. Kwa hiyo mama anapokimbilia kwa mama mkwe akaambiwa "vumilia, na mimi nilivumilia", anapewa ushauri uleule ambao mama mkwe naye alipewa akiwa bibi harusi.

Hoja ya pili: "Angekuwa anateseka kweli, angeondoka"

Hii ndiyo hoja inayoua. Msemaji anadhani mlango wa kutokea ndio mlango wa usalama. Tafiti zinaonyesha kwamba kizingiti cha mlango huo ndipo hatari inapopanda. Mtafiti Jacquelyn Campbell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichunguza mauaji ya wanawake katika miji 11 ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliona kwamba mwanamke anayetengana na mwanamume mwenye tabia ya kumtawala kila hatua huingia katika kipindi cha hatari kubwa ya kuuawa. Mwanamume wa aina hiyo anaweza kupiga akiwa na mke ndani. Mke akitoka, anaona kila alichokuwa anakitawala kinamponyoka.

Tusiende hadi Marekani. Mwezi Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Alifariki Septemba 5 katika hospitali ya Eldoret. Ugomvi uliotajwa ulikuwa wa kiwanja alichojenga. Miaka mitatu kabla, Oktoba 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa ameshinda medali za dunia katika mita 10,000, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Wote wawili walikuwa na majina makubwa, fedha zao na watu wanaowafahamu dunia nzima. Anayemwambia mama wa Litumbandyosi "si uondoke tu" amuulize kwanza ataondokaje salama.

Kisha kuna mambo ya kawaida yanayomshika mtu mguu. Kwa desturi kahawa ni zao la mwanamume, hata kama mke ndiye aliyeichuma na kuianika, na malipo ya chama cha ushirika, Amcos, yanaingia mkononi mwa mwenye jina kwenye daftari. Wazazi wake waliopokea mahari wanaogopa kudaiwa. Watoto wanasoma hapo. Ukumbi wa mahakama uko mbali, na wengi hawajui kwamba tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Anayebaki huenda ameshahesabu haya yote na kuona kwamba leo, kwa namna alivyo, kubaki kuna hatari ndogo kuliko kutoka. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Kazi ya msaidizi ni kuikagua pamoja naye bila kumdharau.

Hoja ya tatu: "Ni makofi tu, hata kovu hana"

Tumezoea kupima hatari kwa damu. Aliyevunjwa mkono anahurumiwa, aliyekabwa koo anaambiwa "mbona unaongea vizuri?" Kumbe hapo tumepima kinyume.

Kukaba koo kunaweza kusiache alama yoyote juu ya ngozi. Ndani, mishipa ya damu na njia ya hewa vinaweza kuwa vimeumia, na mtu akazidiwa saa nyingi au hata siku kadhaa baadaye. Dalili za kuangalia ni sauti iliyokauka ghafla, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu kwenye macho, kizunguzungu, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au kujikojolea wakati wa tukio. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe ya wilaya mjini Mbinga au ya misheni Litembo, hata kama anasema amepona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye baadaye zaidi ya mara 7 ya mwanamke aliyepigwa bila kukabwa. Ukisikia katika kikao "alinishika hapa shingoni", simamisha habari ya faini.

Kuna ishara nyingine ambazo hazitoi damu. Ametishia kumuua, na mke anaamini anaweza. Ametishia kujiua mwenyewe. Anampiga akiwa mjamzito. Anamlazimisha tendo la ndoa. Anamfuata kisimani, sokoni na kanisani kuhakikisha yuko na nani. Wivu wake hauishi hata akipewa ushahidi. Ndani ya nyumba kuna mtoto ambaye si wa mume huyo. Mume amepoteza kazi. Vipigo vimekuwa vya karibu karibu au vizito kuliko mwaka jana. Mke ametengana naye karibuni, au amesema atatengana. Ishara moja peke yake haimaanishi kifo. Tatu au nne zikikaa nyumba moja, usisubiri kikao cha Jumapili.

Hoja ya nne: "Karatasi ya maswali ni ramli ya Kizungu"

Hapa mpinzani ana nusu ya haki. Orodha ya maswali ya kupimia hatari inayojulikana zaidi, aliyoitunga Campbell katika miaka ya 1980, ina maswali 20 na iliundwa kwa kuwasikiliza wanawake wa Marekani. Moja ya maswali yake mazito ni kama mume ana bunduki. Ukiliuliza kama lilivyo kijijini kwetu, wengi watajibu hapana, na karatasi itasema wako salama kuliko walivyo. Hapa vitu vya kuulizia ni panga, mundu, mchi, mafuta ya taa na petroli ya pikipiki. Ukiiga orodha bila kuifikiri, umebeba mizani ya mwenzako bila mawe yake.

Lakini ramli inasema litakalotokea. Tathmini inasema mawingu yamekaa vipi. Mkulima wa ngolo anayeona wingu zito upande wa ziwa haapi kwamba mvua itanyesha saa tisa, ila anaanua maharage yake. Ndiyo kazi ya tathmini, kuamua nini kianuliwe kwanza.

Kitu kizuri kuliko vyote katika orodha hiyo si maswali 20. Ni kalenda inayotangulia. Mama anapewa miezi 12 iliyopita na kuombwa aonyeshe ni lini alipigwa na ilikuwa nzito kiasi gani. Kwetu haihitaji hata karatasi. Muulize kwa majira: wakati wa kuchimba ngolo ilikuwaje? Kabla ya kuvuna maharage? Kahawa ilipouzwa na fedha zikaingia? Ada za shule zilipodaiwa? Wengi husikika wakisema "hutokea mara chache", halafu wakihesabu kwa majira wanashtuka kwamba zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka, sasa ni kila mwezi. Yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu, hakuna aliyemtabiria.

Je, kwa nini tusimwamini tu anavyohisi? Tumwamini, kwa upande mmoja. Mwanamke akisema "safari hii ataniua", hakuna karatasi yenye haki ya kumbishia. Upande wa pili una mtego: katika utafiti wa Campbell, karibu nusu ya wanawake waliouawa au kunusurika kuuawa hawakuwa wamedhani kwamba mwenzi wao angefika huko. Mtu akiishi karibu na mto anazoea sauti yake. Hofu yake ipokelewe kama ushahidi, lakini utulivu wake usipokelewe kama cheti cha usalama.

Hoja ya tano: "Ni pombe, akiamka anajuta"

Pombe inaongeza hatari, hilo halina ubishi, na msimu wa fedha za kahawa kilabu hujaa. Lakini fuatilia njia ya huyo mlevi. Ametoka kilabuni na komoni au ulanzi kichwani. Amempita mwenyekiti wa kijiji akamwamkia kwa adabu. Amempita mtu anayemdai akakata kona. Amefika kwake, akafunga mlango, ndipo mkono ukanyanyuka. Pombe iliyomwacha na akili ya kuchagua nani wa kumheshimu isingemnyima akili ya kuchagua nani asimpige.

Majuto ya asubuhi nayo yasitupumbaze. Mara nyingi ni sehemu ya mzunguko wenyewe: kipigo, kilio, kitenge kipya, ukimya, kisha kipigo tena. Kwa anayepanga usalama, habari ya pombe ina faida moja ya maana. Inasema siku zipi na saa ngapi hatari hupanda. Kama ni siku ya mnada au siku ya malipo, basi siku hiyo watoto walale kwa bibi yao na mama asiwe jikoni peke yake jioni. Kuacha pombe kuhimizwe kwa afya ya mume mwenyewe, ila mke asiambiwe asubiri hadi aache.

Hoja ya sita: "Tuna wazee wetu, tuna sengu"

Sengu ni kitu cha kujivunia. Katika utaratibu wa zamani wa Wamatengo, ukoo ulikula pamoja chini ya mzee wake, na hapo ndipo vijana walipofundwa, kazi zilipopangwa na magomvi yalipomalizwa. Siifutilii mbali hekima hiyo. Nasema tu ilijengwa kwa magomvi ya watu wanaoweza wote kusema. Suluhu inataka pande mbili zilizo huru. Mke anayejua kwamba kila neno atakalolitoa mbele ya wazee atalilipia usiku atasema "nimemsamehe", na kikao kitaandika ushindi. Wazee hao kwa kawaida ni wa ukoo wa mume. Siwatuhumu ubaya, naonyesha walipokaa.

Watu wengine husema sheria yenyewe inalazimisha upatanishi. Ni kweli kwamba anayetaka talaka hutakiwa kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwanza. Lakini kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa, kinachoweka sharti hilo, kinaruhusu pia mahakama kuliacha pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya kwenda barazani kusiwezekane. Na baraza linahusu talaka. Hakuna sheria inayomtaka aliyekabwa koo jana apatanishwe kabla ya kupelekwa hospitali au polisi.

Basi wazee wafanye nini? Wana nguvu ambayo polisi hawana: mume anawaogopa. Waitumie nguvu hiyo kwake. Wamwambie mbele ya ukoo kwamba wanajua, na kwamba ukoo hautamficha. Kama mke ameridhia na hatari si ya kusubiri vyombo vya dola, wamhamishe mume akalale kwa mjomba wake siku kadhaa. Kwa nini kila mara anayefunga kanga na kubeba watoto usiku awe yule aliyepigwa? Jamii ikigeuka, vipigo hupungua kweli. Mpango wa SASA! ulioanzishwa Kampala na shirika la Raising Voices ulitumia majirani wa kawaida kuzungumza na majirani wao kuhusu nguvu na matumizi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika maeneo yaliyoshiriki, kipigo cha mwenzi ndani ya mwaka uliotangulia kilikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika maeneo yasiyoshiriki.

Hoja ya saba: "Apelekwe polisi, basi yameisha"

Hoja hii huja kutoka upande mwingine, kwa watu wa semina na wasomi wa mjini, na inahitaji jibu vilevile. Kuripoti polisi ni haki yake, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwa kazi hiyo. Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu kwa ushahidi, ila matibabu yasisubiri fomu. Lakini kosa la shambulio la kawaida lina dhamana. Aliyekamatwa asubuhi anaweza kuwa nyumbani kabla ya giza, akiwa amekasirika na akijua nani amemsemea. Kama hakuna aliyepanga saa hizo, ripoti yenyewe imekuwa kizingiti kingine kama kile cha mlango.

Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na Uganda ina yake ya mwaka 2010. Kwao mtu anaweza kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria hizo. Tanzania Bara bado inatumia vipande vipande: Kanuni ya Adhabu kwa kosa lenyewe, na Sheria ya Ndoa inayoipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwenzi aache kumsumbua mwenzake shauri la ndoa linapokuwa mahakamani au baada ya kuamuliwa. Kwa mama wa kijijini maana yake ni kwamba ngao ya karatasi ni nyembamba, na ngao ya watu inabidi iwe nene. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliweka kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Kamati kama hiyo iulize maswali matatu kabla mama hajaondoka kituoni: mtuhumiwa akitoka kwa dhamana nani atajulishwa? Mama atakuwa wapi? Nani atapita kumwona kesho asubuhi?

Hoja ya nane: "Mpango wa usalama ni kuvunja ndoa za watu"

Anayesema hivi hajawahi kuuona mpango wenyewe. Mpango mzuri hauanzi na "ondoka". Unaanza na "ukibaki, utabakije?" Haumuulizi mama kama anampenda mume wake.

Tuseme ni mama wa watoto watatu, kata ya Litumbandyosi, msimu wa mvua, barabara ina matope. Anazungumza na mhudumu wa afya anayemwamini, siku ya kliniki, wakiwa wawili tu.

"Dada, akianza kubadilika unamjuaje?"

"Anaanza kuuliza nilikuwa na nani. Halafu ananyamaza."

"Akinyamaza unakuwa wapi?"

"Jikoni, mara nyingi."

Hapo kazi imeshaanza. Jikoni kuna kisu, mchi na moto, na kwa wengi kuna mlango mmoja. Wanakubaliana kwamba akiona ukimya ule atoke kwenda uani, ambako kuna njia mbili na majirani wanaona. Shemeji aliye jirani hafai, lakini mama wa jumuiya upande wa pili wa bonde anafaa. Wanachagua ishara: mtoto mkubwa akitumwa kwake kuomba kitu fulani ambacho haombwi siku za kawaida, yeye anajua, na anawatuma watu wawili, asije peke yake. Mtoto anafundishwa kukimbia kuita. Hafundishwi kuingilia kati, kwa sababu panga halichagui.

Vitu vinafuata. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, kadi ya bima na dawa za kila siku vinahifadhiwa kwa mtu wa kuaminika, au nakala zake. Fedha za kikundi cha kuweka na kukopa zinabaki kikundini hadi zitakapohitajika. Nauli ya bodaboda inajulikana, na dereva anayeweza kuitwa usiku amechaguliwa mapema, asiwe rafiki wa kilabuni wa mume. Namba ya polisi 112 inashikwa kichwani, maana simu ya mke ndiyo ya kwanza kupekuliwa. Kwa sababu hiyohiyo mpango hauandikwi popote anapoweza kuukuta. Unarudiwa kwa mdomo, kila kliniki, na kubadilishwa, kwani dereva anaweza kuhama na mume anaweza kugundua.

Mpango huu umevunja ndoa gani? Kama mume atabadilika, nyaraka zitarudi kabatini na hakuna aliyepoteza kitu. Asipobadilika, kuna watu watatu au wanne wanaojua la kufanya, na watoto wanajua njia. Na kwa anayeuliza "wanaume wanaopigwa je?", jibu ni kwamba wapo, na maswali ni haya haya. Mwanamume anayekabwa au kumwagiwa maji ya moto naye aulizwe leo analala wapi, bila mtu kucheka.

Kuna watakaosema haya yote ni mengi mno kwa mwenyekiti wa kitongoji mwenye shamba lake na watoto wake. Kwa hiyo tuanze na kinachowezekana kesho. Kesi ijayo ikifika, kabla ya "nani ameanza", mtoe mama pembeni, mbali na mume na mbali na wakwe, umuulize mambo manne: amewahi kukukaba koo? Amewahi kusema atakuua au atajiua? Siku hizi imezidi kuliko zamani? Unaogopa kurudi leo? Akijibu ndiyo hata kwa moja, kikao kiahirishwe. Faini itangoja, nasaha zitangoja, hata sala ya kufunga itangoja. Kitakachofuata jioni ile ni kutafuta nyumba, godoro na mtu wa kulala karibu na mlango.